Ugomvi Wangu na Neno "Itakuwa"

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo nililifundisha kwa miaka mingi bila chuki yoyote, kama wakati ujao wa kitenzi "kuwa", na ambalo sasa, nikiwa na miaka zaidi ya sabini, sipendi hata kulisikia. Neno lenyewe ni "itakuwa". Simaanishi "itakuwa" ya mtu anayezungumzia sherehe ya kesho. Namaanisha "itakuwa" ya gereji. Mtu anafungua boneti, anaingiza kichwa kwa muda usiotosha kumeza funda moja la chai, anainuka akijifuta mikono kwa kitambaa kilicho kichafu kuliko mikono yenyewe, kisha anatamka: "Mwalimu, hiyo itakuwa plagi." Plagi zikishabadilishwa na ugonjwa ukabaki pale pale, anasema: "Basi itakuwa koili." Baada ya koili inakuja pampu, baada ya pampu inakuja sensa, na baada ya sensa huna tena fedha za kubadilishia kitu.

Nathubutu kusema kwamba neno hilo limewaibia Watanzania fedha nyingi kuliko wachomoa mifuko wa stendi zetu zote. Na kwa kuwa si desturi yangu kurusha jiwe na kuficha mkono, nitasema pia ni nani waliolifundisha.

Gari langu ni Toyota Mark II, lile ambalo vijana wa hapa Kihesa huliita GX 110, lenye injini ya 1G ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Wajapani walianza kuliunda mwaka 2000 na wakaacha mwaka 2004, kwa hiyo kwa hesabu ya magari ni mzee mwenzangu. Nililinunua mwaka 2012 kwa sehemu ya kiinua mgongo changu, likiwa tayari limetumika kwao. Sikulinunua kwa fahari. Mama watoto ana presha ya macho, na kila baada ya miezi michache hana budi kuonwa na daktari wake Dar es Salaam. Magoti yake hayavumilii tena kukunjwa ndani ya basi kwa siku nzima. Presha ya macho, kwa wasioifahamu, ni ugonjwa usiorudisha kilichochukuliwa. Dawa hulinda uoni uliobaki; uliokwenda umekwenda. Ninaomba msomaji akumbuke jambo hilo, maana nitalirudia.

Mwezi Julai 2022 tulikuwa tunarudi. Tulipita Ruaha Mbuyuni salama, tukapita Mahenge, tukaanza kupanda Kitonga. Aliyewahi kuupanda mlima ule haitaji kuelezwa: kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na katikati malori ya Zambia na Kongo yakijikokota kama siafu waliobeba mzigo. Kwa miaka kumi gari langu lilikuwa likiupanda mlima huo bila manung'uniko. Siku hiyo lilikataa. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho wa pedali, injini ikaguna, lakini nguvu haikuja. Lori la saruji likanipita. Kondakta wake alinipungia mkono kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kama angenizomea.

Hapo ndipo "itakuwa" zilipoanza. Fundi wa kwanza alisema itakuwa plagi. Injini ile ina plagi sita, nikanunua sita. Wa pili alisema itakuwa koili, kisha, bila kuona haya, itakuwa pampu ya mafuta. Wa tatu alikuwa wa kisasa. Alikuwa na mashine ya kupimia, ile inayochomekwa chini ya usukani, nayo ikaandika namba P0171. Kwa magari mengi maana ya namba hiyo ni kwamba mchanganyiko unaoingia kwenye silinda una hewa nyingi mno au mafuta machache mno. Fundi akaisoma namba, akatikisa kichwa kama daktari bingwa, akasema: "Itakuwa sensa ya oksijeni." Nikanunua sensa ya oksijeni. Taa ikazimwa, na baada ya siku mbili ikawaka tena.

Tusimame hapo kidogo. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyoleta habari kwamba hewa imezidi. Fundi akamwadhibu mleta habari. Ni sawa na mkuu wa shule anayeletewa taarifa na kiranja kwamba darasa linapiga kelele, naye akamfukuza kiranja. Mashine haikusema sensa imekufa. Ilisema kuna hewa isiyohesabiwa, na mwenye akili timamu angeuliza: hewa hiyo inapenya wapi? Lakini kuuliza hakuna spea ya kuuza. Mashine ya kupimia haikuliondoa neno "itakuwa". Imelivika suti tu.

Fundi wa nne ndiye aliyegusa jambo lenyewe, ila aligusa kwa kupapasa. Aliona kikombe kidogo chenye mkono wa chuma ubavuni mwa manifoldi, akafuatilia mpira mwembamba unaotoka hapo, akaniambia: "Mwalimu, hii mitambo ya Wajapani haina kazi huku kwetu. Tuifunge tu, tuzibe na bolti, gari litapumua." Nilimkatalia. Namshukuru Mungu kwamba nilimkatalia, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuumwa na nyoka wa aina hiyo.

Nyoka mwenyewe ni hadithi ya thamostati. Nadhani hakuna kifaa kilichoonewa katika Afrika Mashariki kama thamostati. Ni valvu ndogo inayozuia maji ya rejeta yasizunguke kwenye injini mpaka yapate moto, kwenye nyuzi themanini na kitu hivi, kisha hufunguka. Mafundi wetu, kutoka Mombasa mpaka Mbeya, huing'oa na kuitupa wakisema: "Nchi yetu ni ya joto, hii ni ya Ulaya." Nchi yetu ni ya joto! Mwambie hivyo mtu wa Mufindi asubuhi ya Julai, akiwa anakwangua jalidi kwenye kioo cha gari. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata moto, kontroli boksi huendelea kuimwagia mafuta ya ziada kama inavyofanya kila injini inapokuwa baridi, na mwenye gari hulalamika kwamba petroli imepanda bei. Petroli imepanda kweli, lakini nusu ya malalamiko ingebaki nyumbani kama kile kifaa kingebaki mahali pake. Langu lilikuwa limeng'olewa mwaka 2015 bila mimi kuulizwa. Ndiyo maana niliposikia "haina kazi huku kwetu" kwa mara ya pili, masikio yalisimama.

Sasa niseme mtambo huo unaodaiwa kwamba hauna kazi unafanya nini, maana ni mzuri kuliko nilivyodhani, na kuufahamu hakuhitaji digrii.

Kila mtoto aliyekulia kijijini amewahi kukata mabua ya mpapai na kuyafanya filimbi. Bua refu hutoa sauti nzito, bua fupi hutoa sauti nyembamba. Hewa iliyo ndani ya bomba ina mwendo wake wa kwenda na kurudi, na urefu wa bomba ndio unaoamua itarudi upesi au kwa kuchelewa. Basi mabomba yanayopeleka hewa kwenye injini ni filimbi za aina hiyo. Valvu ya silinda inapojifunga ghafla, hewa iliyokuwa ikikimbilia ndani inajigonga, inasongamana, na msukumo wake unarudi nyuma kwa mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 340 kwa sekunde. Unafika mwisho wa bomba, unadunda, unarejea. Ukiwahi kurejea wakati ule ule valvu inapofunguka tena, unasukuma hewa ya nyongeza ndani ya silinda, bure, bila mashine ya kupulizia. Ukirejea wakati mlango umefungwa, faida imepotea.

Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, valvu ya kila silinda hufunguka mara 25 kwa sekunde. Ikifika mara 6,000, hufunguka mara 50. Bomba moja haliwezi kuwahi nyakati zote mbili. Kwa mwendo wa pole linatakiwa bomba refu. Kwa mwendo wa kasi, fupi. Wajapani wakaweka kipepeo ndani ya manifoldi: kikifungwa, njia ya hewa huwa kama imerefuka, kikifunguliwa, huwa imefupika. Kwenye gari langu kipepeo hicho huvutwa na kikombe chenye kiwambo cha mpira, na nguvu ya kuvuta hutokana na ombwe, yaani ule mvuto wa injini yenyewe inapofyonza hewa. Kontroli boksi huamuru valvu ndogo ya umeme ipitishe mvuto au iuzuie. Kuna na tangi dogo la plastiki la kutunza mvuto huo. Huo ndio mtambo wote. Mwanafunzi wa kidato cha pili angeweza kuuelewa kama angeonyeshwa.

Kama angeonyeshwa. Hapo ndipo ninapoingia mimi.

Mwezi Oktoba nilipeleka gari kwa kijana mmoja mwenye gereji hapa Kihesa. Nasema kijana, ingawa ana mvi, kwa sababu nilimfundisha Fizikia kidato cha tatu mwaka 1993, nilipokuwa mkuu wa shule moja ya sekondari katika nyanda hizi za juu, kabla ya kuhamishiwa chuo cha ualimu. Alinikuta getini kwake. "Kamwene, Mwalimu. Shikamoo." Nikamjibu marahaba. Nikamweleza habari yote. Akaniambia kwamba angehitaji siku mbili za kulichunguza gari, na angenitoza shilingi 30,000 kwa uchunguzi hata kama hatabadilisha kitu.

Nilicheka. Namwambia msomaji ukweli: mimi, mwalimu, nilicheka nikamwambia, "Yaani nikulipe kwa kuangalia tu?" Daftari langu lilikuwa tayari linasoma shilingi 1,140,000 za spea zisizoponya kitu. Nilikuwa nimezilipa bila kucheka. Lakini shilingi 30,000 za kufikiri zilinichekesha.

Naye, kwa adabu, hakubishana na mwalimu wake. Aliniangalizia bure, na bure ikawa na thamani ya bure. Alichomeka kipimo cha ombwe kwenye manifoldi injini ikiwa sailensa, mshale ukasimama kwenye inchi 14 za zebaki. Akatoa karatasi iliyokuja na kipimo kutoka dukani, akanionyesha: injini nzima husoma kati ya 17 na 21. "Mwalimu," akasema kwa masikitiko ya kweli, "itakuwa ringi zimekwisha. Tufungue injini." Gharama yake ilikuwa shilingi 1,800,000.

Msomaji aliyesoma Jiografia ameshaona kosa. Karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya watu wa pwani. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni kama sehemu 83 kwa 100 ya ile ya Dar es Salaam. Kipimo cha ombwe hupungua kama inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Mita 1,500 ni inchi tano. Injini inayosoma 14 hapa ingesoma 19 Kigamboni. Ringi zangu zilikuwa nzima kabisa, na tulikuwa karibu kuipasua injini yenye afya kwa sababu ya karatasi isiyojua milima.

Nilipomweleza hayo alinitazama kwa muda. Kisha akasema polepole, bila ukali wowote, maneno ambayo sijayasahau. "Mwalimu, unakumbuka lile jaribio la maji? Kidato cha tatu? Tulichemsha maji, kipimajoto kikasimama kwenye 95. Tukakuita. Ukasema tuandike 100, kwa sababu kwenye mtihani jibu ni 100."

Nilikumbuka. Si kwamba nilikumbuka siku ile hasa; nilikumbuka kwamba nililifanya jambo hilo kila mwaka. Maji ya Iringa huchemka kwenye nyuzi 95 au karibu yake, kwa sababu ile ile iliyoushusha mshale wa kipimo chake. Vijana wale walikuwa wameshika ukweli mkononi, wameusoma wenyewe kwa macho yao, nami nikawaamuru waufute na kuandika cha kitabuni. Niliwafundisha kwamba chombo kikipingana na karatasi, karatasi ndiyo inayosema kweli. Miaka ishirini na tisa baadaye mmoja wao alishika karatasi na kutaka kuivunja injini yangu. Alikuwa ananitii.

Baadhi ya walimu wenzangu wastaafu wataniambia kwamba najitesa bure: vifaa havikuwepo, madarasa yalijaa, mtihani wa taifa ulikuwa mbele yetu. Nayajua hayo. Nilikuwa nayo. Palikuwa hata na ule mtihani mbadala wa vitendo, ambamo mtoto alieleza kwa kalamu namna ya kutumia kifaa ambacho hakuwahi kukigusa, akapata alama na akapasi. Niliufurahia mtihani huo. Ulinipunguzia gharama za maabara na ukaipandishia shule wastani. Lakini hoja ya ukosefu wa vifaa hainisaidii, kwa sababu siku ile kifaa kilikuwepo! Kipimajoto kilikuwepo, maji yalikuwepo, kuni zilikuwepo, na jibu sahihi lilikuwepo. Kilichokosekana ni mwalimu wa kusema: "Vizuri, 95. Sasa niambieni kwa nini si 100."

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule zijenge akili yenye kuuliza. Sisi tuliokabidhiwa kazi hiyo tulisoma waraka mpaka tukafika kwenye jembe, tukaishia hapo. Tulilima mahindi, tukafuga nguruwe, tukaandika ripoti. Akili yenye kuuliza tuliipa adhabu ya kumwagilia bustani. Halafu leo tunakaa kwenye mabaraza yetu tukishangaa kwamba fundi hafikiri, nesi hafikiri, karani wa ardhi hafikiri. Walifikiria wapi?

Mafundi nao wasijibanze nyuma ya mgongo wangu. Ni kweli hawana vitabu vya magari haya, au wanavyo kwa Kijapani. Ni kweli mteja ana haraka. Lakini kutokuwa na kitabu ni sababu ya kupima zaidi, si ya kupima kidogo. Babu zetu wahunzi wa nyanda hizi hawakuwa na kitabu hata kimoja, na hakuna mhunzi aliyesema "itakuwa" mbele ya tanuru. Aliangalia rangi ya chuma. Na sisi wenye magari ndio wabaya kuliko wote, kwa sababu tunalipia chuma na hatulipii akili. Fundi anayetafakari siku mbili na kukaza klipu moja tunamwona mwizi. Fundi anayebadilisha vitu vinne kwa saa moja tunamwona mchapakazi. Basi wote wanajifunza kutoka kwetu namna ya kula.

Nilirudi kwa yule kijana siku iliyofuata, nikaweka shilingi 60,000 mezani, mara mbili ya alizoomba, nikamwambia tunaanza upya, na kwamba siku hiyo atakayetamka "itakuwa" atanunua soda kwa gereji nzima.

Tulifanya hivi. Injini ikiwa imezimwa, alichomoa mpira kwenye kikombe, akaweka mpira mwingine safi, akafyonza kwa mdomo. Mkono wa chuma ulivutika. Akaziba ncha kwa ulimi, tukahesabu mpaka sitini, mkono haukurudi. Kwa hiyo kiwambo hakijatoboka na kipepeo hakijakwama. Akapima valvu ya umeme kwa mita, ikasoma omu thelathini na kitu. Akaipa umeme wa betri, ikagonga "ta" na kupitisha pumzi. Nzima. Akawasha injini, akapandisha resi, na mkono ukacheza kama unavyotakiwa. Mwanagenzi wake akasema, "Basi iko sawa." Hakusema itakuwa, lakini tulimtazama vibaya hata hivyo.

Kama mtambo uko sawa gerejini na haufanyi kazi mlimani, basi kuna kitu kinachobadilika mlimani. Nilimwuliza ni nini. Alikaa juu ya tairi akafikiri, na nakiri kwamba dakika zile chache zilinipa furaha ambayo sikuipata katika mahafali mengi. Kisha akasema: "Mlimani unakanyaga mafuta mpaka mwisho. Koo la hewa linafunguka lote. Injini inakosa cha kufyonza dhidi yake. Mvuto unakwisha." Sawasawa. Ombwe hutoweka wakati ule ule unapolihitaji, na ndiyo sababu Wajapani waliweka lile tangi: litunze mvuto wa akiba. Na ili akiba isivuje kurudi kwenye injini, njiani huwekwa valvu ya njia moja.

Tukaunga kipimo kwenye mpira wa tangi, tukapitisha mpira mrefu dirishani, yeye akashika kipimo, mimi usukani. Tulishuka mpaka Ipogolo, tukageuza, tukapanda kurudi mjini. Kwenye mteremko mshale ulisimama imara. Nilipoanza kupanda na kukanyaga, mshale ulianguka karibu na sifuri. Tangi halikutunza hata pumzi moja.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya vidole. Nyuma ya manifoldi, mahali ambapo jicho halifiki, alipapasa mpira ule hatua kwa hatua mpaka akakuta kiungo. Alikivuta, akakileta kwenye mwanga. Ilikuwa ni kipande cha kalamu ya Bic, ile ya plastiki inayoona ndani, kimekatwa na kuchomekwa mahali pa valvu ya njia moja.

Ndipo nikakumbuka kwamba mwezi Juni, wiki mbili kabla ya Kitonga, gari lilifanyiwa sevisi. Mtu fulani, ambaye simjui wala sitamtafuta, alivunja kile kidude alipokuwa akiupisha mkono wake, akaunganisha kwa alichokuwa nacho mfukoni, akanyamaza. Katika mafundi wote wale, hakuna aliyeniuliza ni nini kiligusw­a mara ya mwisho. Na mimi sikuwaambia.

Jambo la kalamu lilikuwa na la ziada. Kila mwalimu anajua kwamba kalamu ile ina tundu dogo ubavuni, ili wino ushuke. Nimeziona kalamu hizo kwa maelfu katika maisha yangu. Kupitia tundu lile, na kwenye midomo ya mpira iliyolegea, hewa isiyohesabiwa ilikuwa inaingia kwenye injini mchana na usiku. Ndiyo iliyoandika P0171, na ndiyo sensa yangu ya oksijeni ya zamani iliyokuwa ikiisema kwa uaminifu kabla hatujaitupa.

Valvu ya njia moja tuliipata kwenye duka la spea zilizotumika kwa shilingi 5,000. Alipuliza upande mmoja, ikapita; upande mwingine, ikakataa. Akaifunga kwa klipu mbili mpya. Taa ilizimwa na haijawaka tena. Spea zote nilizonunua kabla ya hapo ziko kwenye boksi chini ya kitanda, isipokuwa zile zilizobaki ndani ya gari zikifanya kazi ambayo za zamani zilikuwa zikiifanya vizuri.

Lakini miadi ya Oktoba kwa daktari wa macho ilikwisha kupita. Fedha za safari zilikuwa zimeliwa na pampu na koili, na mimi nilimwambia mama watoto, "Gari likipona tutakwenda." Tulikwenda mwezi Desemba. Tulishuka Kitonga asubuhi na tukaupanda siku ya tatu yake, na gari lilipanda kama zamani; nililipita lori la mbolea kabla ya kona ya pili. Mama watoto hakuliona. Lilikuwa upande wake wa kushoto, na daktari alikuwa ametueleza siku moja kabla kwamba katika jicho hilo presha imepanda na sehemu ya uoni wa pembeni imekwenda.

Kipande cha kalamu ninacho hapa mezani ninapoandika.